Kibao cha zamani cha kinyozi kinabanduka rangi: nipake upya ama nikiache hivyo?

"Habari mzee. Niko Kisumu, Manyatta, na kwa miaka mitatu sasa nakusanya vibao vya zamani vya maduka, vile vya kuandikwa kwa mkono. Niko na kumi na kimoja. Mwezi uliopita nilipata cha kinyozi kwa muuza skrapu pale Kibuye, shilingi 1,500, akaniambia kilitoka Luanda, ile ya Vihiga. Ni bati limepigiliwa kwa fremu ya mbao, urefu kama mita moja na nusu, kushoto kuna kichwa cha kijana amenyolewa boksi, alafu KINYOZI kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Shida ni kwamba nyekundu imekuwa pinki, nyeupe ukiigusa inabaki kwa vidole kama unga, na buluu ya chini inabanduka vipande vikubwa. Kando ya misumari kuna kutu. Pale chini kumeanza kuonekana namba ya simu, 035, zingine hazisomeki. Fundi mmoja wa Kondele anasema kwa 2,500 atapitisha rangi juu ya herufi zile zile kirudi kama kipya. Rafiki yangu naye anasema nipanguze na thina nitoe huo uchafu mweupe, alafu nipige vanishi. Nataka kukiweka sebuleni na niko na mtoto wa miaka miwili. Nifanye nini? Na je, kitakuja kuwa na pesa? Nimekutumia picha nne."

Dada yangu, asante kwa picha, na asante zaidi kwa kuuliza kabla ya kumpa fundi hiyo 2,500, manake wengi huniandikia baadaye. Nikikuelewa vizuri, unaona kibao kinaisha mbele ya macho yako na usipofanya kitu haraka utabaki na bati tupu. Hiyo haraka ndio nataka tuitoe kwanza. Hicho kibao kimekaa nje kwa jua na mvua ya Luanda miaka na miaka, na saa hii kiko ndani ya nyumba, kwa hivyo kile kilikuwa kinakimaliza kwa kasi kimekatika siku ulikiingiza kwa mlango. Uko na wakati wa kutosha kabisa.

Sasa fungua ile picha yako ya tatu, ile ulipiga kibao kikiwa kimeegemezwa kando ya dirisha na mwanga ukaingia kwa upande. Nimeikuza kwa simu mpaka mwisho. Katikati ya N na Y kuna mstari umeinuka kidogo chini ya rangi, unashuka wima, unakatwa na mwingine umelala, alafu kuna mwingine wima tena. Haufuati herufi yoyote ya KINYOZI. Mimi naona H, kubwa kuliko herufi za juu, na mbele yake kuna kitu kingine cha mviringo. Dada, kuna maandishi mengine chini ya hayo. Hapo kwa mkono wako uko na vibao viwili.

Na hiyo inaelezea namba yako. 035 ilikuwa kodi ya simu za mezani za upande wa Kisumu kabla ya kubadilishwa kuwa 057, vile sisi Nakuru tulikuwa 037 kabla ya 051. Kinyozi wa sokoni wakati huo ni nadra awe na simu ya mezani. Duka la jumla, hadiwea, kemisti, hao ndio walikuwa nayo. Kwa hivyo mimi nasoma hivi: mwenye biashara ya kwanza aliandikisha kibao chake na namba ya simu, baadaye akahama ama akafunga, bati likauzwa, na kinyozi akampa fundi alifunike kwa nyeupe na aandike upya. Ilikuwa kawaida sana, bati zuri lenye fremu halikutupwa. Sasa ile nyeupe ikiisha ndio ya chini inachungulia. Na angalia pia, kinyozi mwenyewe hajaweka namba ya simu ya mkono, na baada ya Safaricom na KenCell kuanza mwaka wa 2000 haikuchukua muda mrefu kila kibao kikawa na 07 kwa kona. Hiyo haithibitishi mwaka, lakini inakupa mahali pa kuanzia.

Leo usiku fanya hivi. Laza kibao mezani, zima taa zote, washa tochi ya simu na uilaze pembeni kabisa mwa kibao ili mwanga utambae juu ya rangi badala ya kuipiga usoni. Isogeze pole pole na mtu mwingine akupigie picha. Utaona H yako imesimama kama mshipa. Utaona pia vitu vingine ambavyo mimi vikinitokea huwa nasahau chai ikapoa: mistari myembamba iliyopigwa na uzi wa chaki kabla ya kuandika, alama za penseli pale fundi alipima O ikamkataa akaisogeza, na njia ya brashi yenyewe, pale mkono ulianza mzito, ukapunguza, ukainua kwa mwisho wa Z. Piga hizo picha zote kabla hujagusa kitu.

Turudi kwa ugonjwa sasa. Wewe unaona shida moja, uzee, na rafiki yako anaona uchafu. Mimi naona mambo matatu tofauti na kila moja lina sababu yake.

Huo unga mweupe si uchafu. Ni rangi yenyewe. Rangi ya gloss, ile ya mafuta, haikauki kama nguo kwa kamba, inakauka kwa kula oksijeni hewani, mafuta yanashikana yanakuwa kama ngozi ngumu iliyobeba ule unga wa rangi ndani yake. Alafu hiyo kazi haiishi, miaka inaenda na ngozi inazidi kukauka na kuwa kavu ya kuvunjika. Juu yake jua letu la hapa karibu na ikweta linapiga kila siku, linaikata ile ngozi kutoka juu, na unga uliokuwa umeshikwa unabaki huru. Ukipanguza "uchafu" unapanguza nyeupe, na nyeupe ikiisha umeanza kumaliza kibao cha kinyozi ili ufike kile cha kwanza.

Pinki ni habari nyingine. Nyekundu nyingi za kung'aa walizotumia mafundi zilitengenezwa kwa kemikali ambazo mwanga unazivunja, na zikishavunjika hazirudi. Nyeusi ni masizi, na masizi jua haliyawezi. Ndio maana kwa kibao chako kivuli kimeishi kuliko herufi, na kwa barabara yote kutoka Ahero mpaka Busia utaona vibao vimebaki vivuli vya maneno, neno lenyewe limeenda.

La tatu ni hiyo buluu, na hili ndilo linahitaji uangalifu. Bati si chuma kitupu, ni chuma kimevikwa zinki. Rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki na unyevu ukiwa unaingia, zinki na zile asidi za mafuta zinashikana zinatengeneza sabuni. Ni sabuni kweli, japo si ya kufulia, utando mwembamba sana kati ya bati na rangi, na ukishaingia hapo rangi haina tena kitu cha kushika. Okota kipande kimoja kilichoanguka ukigeuze: nyuma kitakuwa laini, karibu kinateleza, na pale kilipotoka bati linang'aa. Inaanzia chini kwa sababu maji ya mvua hutiririka yakakaa kwa ukingo wa chini, kati ya bati na mbao. Mafundi wa zamani waliijua hii bila kusoma kemia, bati jipya walikuwa wanaliacha nje miezi kadhaa linyeshewe liishe mng'ao, ama wanalipangusa na siki kwanza, ndio waandike. Aliyekuwa na haraka kibao chake kilibanduka. Kutu ya misumari ni dada yake: msumari ulitoboa zinki, maji yakapata chuma, na kutu ikiumuka inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hivyo inainua rangi kutoka chini.

Kwa hivyo thina, hapana, tafadhali. Thina haijui tofauti ya uchafu na rangi iliyochoka. Nilijifunza hiyo kwa njia mbaya. Mwaka wangu wa kwanza kwa hii kazi ya vibao nililetewa kibao cha posho mill kutoka Njoro, kijani juu ya krimu, na nikaweka thina kidogo tu kwa pamba nikapitisha mara moja. Moshi wa miaka ulitoka, na jina la mama mwenye mashine likatoka nao, pamba ikawa kijani mkononi mwangu, na mwanawe alikuwa amesimama hapo kando yangu anaangalia. Mama alikuwa ameshafariki. Sijawahi kushika thina karibu na kibao cha mtu tena. Na si thina peke yake: sabuni ya unga ya nguo, Jik, msasa, stili wuli, na ile tabia ya kupaka oili ili king'ae, vyote viache.

Vanishi inaonekana kama huruma lakini inafunga mlango. Kwanza itazamisha ule unga na rangi zote zitakuwa nyeusi zaidi ya vile unavyoziona. Pili vanishi za madukani nyingi hugeuka manjano. Tatu, na hii ndio kubwa, siku ukitaka kuitoa itabidi utumie kitu kikali kama thina, na hapo tumerudi kwa pamba yangu ya kijani. Na juu ya buluu inayobanduka ni mbaya hata zaidi, kwa sababu vanishi ikikauka inavuta, na kitu chepesi hakina mahali pa kushikilia.

Fundi wa Kondele nataka nimtendee haki. Hajakudanganya. Kazi yake ni hiyo, na kupaka upya ndivyo vibao vimeishi siku zote, mwenye duka alikuwa anamwita fundi herufi zikififia, na kama kinyozi angekuwa bado amefungua Luanda na kibao kiko juu ya mlango ningekuambia mlipe fundi leo. Kibao kazini ni cha kusomwa. Lakini hiki kimestaafu, wewe umekinunua kwa sababu ya mkono ulioko hapo, na akipitisha brashi yake juu ya ile Z utakuwa na Z ya Kondele ya mwaka huu. Hata akifuata ukingo kwa ukingo, kasi ya mkono haifuatiki. Na ile H ya chini itazikwa, kwa sababu hakuna fundi atapaka juu ya unga bila kupiga msasa kwanza.

Kwa hivyo ushauri wangu ni ukiache na rangi yake, ukisafishe kidogo sana, ukilinde. Kilaze chali, usikisimamishe tena mpaka buluu ishughulikiwe. Chukua brashi laini kabisa, ile ya kupaka poda usoni inafaa ikiwa mpya, uondoe buibui na vumbi lililolala tu, ukikwepa kila mahali panapobanduka. Ukitaka kwenda zaidi ya hapo, lowesha pamba ya masikio na mate. Usishangae, mate ni kitu makonseveta, wale wataalamu wa kuhifadhi picha za rangi, hutumia mpaka leo, yana vimeng'enya vinavyovunja uchafu na ni mapole kuliko sabuni (lakini ukishagusa rangi nayo usiirudishe mdomoni, chukua mpya kila mara). Jaribu nukta moja ya kila rangi, kwa kona. Pamba ikitoka na rangi, simama, hiyo rangi haitaki maji. Nyeupe yako itakataa, nakuambia mapema. Nyeusi huenda ikakubali. Mbao za fremu zipanguze na kitambaa kikavu na uangalie kama kuna vitundu vidogo vya bungua, wale wadudu wa kula mbao, vyenye unga mbichi chini yake. Upande wa nyuma wa bati, pale hakuna maandishi, toa kutu inayoanguka yenyewe na upake nta nyembamba, basi. Misumari usiing'oe.

Vipande vya buluu vilivyoanguka viweke kwa bahasha, andika vilitoka upande gani. Vilivyoinuka lakini bado vimeshika usivigundishe mwenyewe. Gundi nyeupe ya seremala ina maji na ina asidi, italeta kutu chini ya rangi, na supaglu ikishashika imeshika milele. Kwa mbao zamani wataalamu walipenda gundi ya samaki, ile hutengenezwa kwa mfuko wa hewa wa samaki, na nyinyi watu wa ziwa mnauza mabondo ya mbuta, mifuko hiyo hiyo, nje ya nchi kila siku, lakini hata hiyo ni ya maji na bati haliitaki. Kwa chuma hutumika resini inaitwa Paraloid B-72, ambayo ina uzuri kwamba inaweza kuyeyushwa na kutolewa baadaye. Inaingizwa chini ya kila kipande kwa brashi ya nywele chache, mtu akiwa na miwani na subira. Hapo ndipo nakuambia utafute mtu wa kukiona kwa macho. Anzia Kisumu Museum, beba picha zako, ulizia nani katika Makumbusho ya Taifa hushughulika na uhifadhi wa vitu vilivyopakwa rangi. Ukiona pia bungua wako hai, ama kipande kinachobanduka ni kikubwa kuliko kiganja, usingoje.

Sasa mtoto, na hapa nakuomba usome pole pole. Rangi za gloss za zamani, hasa njano, chungwa, nyekundu na zile praima za chuma, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini kibao chako kiliandikwa kabla ya hayo yote, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, inaumiza ubongo unaokua na huwezi kuona dalili mapema. Sisemi kibao chako kinayo. Nasema tukichukulie kinayo. Kwa hivyo usipige msasa, usichome rangi, fanya kazi ukiwa umetandika plastiki sakafuni na mtoto hayuko chumbani, vaa glavu na barakoa, ukimaliza pangusa sakafu na kitambaa chenye maji, usifagie, na unawe mikono kabla ya kumshika. Tangu mwezi uliopita kama kibao kimekuwa sakafuni na mtoto ameshika huo unga ama ameweka kipande mdomoni, mpeleke hospitali umweleze daktari hivyo hivyo, umuulize kuhusu kupima risasi kwa damu. Usingoje aumwe.

Na sebuleni kiende tu kikiwa ndani ya fremu ya kina yenye kioo mbele na ubao nyuma. Seremala yeyote mzuri wa hapo atakutengenezea kama sanduku, kibao kisiguse kioo, na aache vitundu vidogo nyuma hewa ipite. Hiyo inamaliza mambo mawili kwa mpigo, mtoto hafikii rangi, na kipande kikianguka kinabaki ndani. Kitundike kwa ukuta usiopata jua la moja kwa moja, usio wa bafu wala jikoni, kwa sababu unyevu wa Kisumu peke yake unatosha kuendeleza kutu.

Pesa? Sitakudanganya, hakuna bei iliyokaa ya vibao hapa kwetu, anayekuambia hiki ni elfu hamsini amekitoa hewani. Vibao vya vinyozi vya Ghana na nchi za jirani zake vimenunuliwa na Wazungu kwa miaka mingi, na matokeo yake ni kwamba kuna vingi vilivyochakazwa makusudi ili vionekane vya zamani. Kinachotenganisha cha kweli ni kile ambacho thina na rangi mpya vingekiondoa: unga usio sawa, sehemu ya juu imepona kwa sababu ya kivuli cha paa, kutu inayoanzia kwa msumari na si popote, maandishi ya chini. Na historia. Rudi kwa yule wa skrapu, akupe risiti kama ana leseni, na akuambie alikitoa kwa nani. Andika kwa penseli kwa karatasi ulichoambiwa na tarehe, uifunge kwa fremu nyuma. Alafu siku ya soko panda matatu uende Luanda na picha, si kibao. Ulizia wazee wa vinyozi, na hasa ulizia nani alikuwa anaandika vibao pale, kwa sababu kwa picha yako ya nne, kona ya chini kulia, kuna herufi nne ndogo za njano zilizofutika na ya mwisho ni S. Mafundi wengi walimalizia na jina lao na neno Arts. Kama yuko hai, huo mkono ataujua kabla hujamaliza kufungua simu.

Hiyo 2,500 usimnyime fundi wa Kondele. Mpe bati lingine jipya, lililooshwa na siki, mwambie akuandikie KINYOZI kwa mkono wake mwenyewe, herufi zake, kichwa chake, nyekundu vile nyekundu inatakiwa kuwa, na hicho ndicho utundike nje kwa veranda kipigwe na jua. Mwambie aweke jina lake kwa kona.